Pikipiki ya porini, namba ya barabarani: nianzie wapi Arizona?

«Ninaishi Tucson, Arizona. Mwezi uliopita nilinunua Suzuki DR-Z400E ya mwaka 2006 kwa mtu binafsi. Nataka niende nayo kazini, kama kilomita 18 kutoka nyumbani, na wikiendi nipande nayo milimani. Muuzaji alisaini nyuma ya taito, yaani hati ya umiliki, akaniandikia na karatasi ya mauziano, kisha akahamia Texas. Pikipiki ina taa ya mbele, taa ndogo ya nyuma na namba ndogo yenye herufi RV, basi. Rafiki mmoja ananiambia ninunue seti ya taa na honi, nitakuwa nimemaliza. Mwingine anasema nifungue kampuni Montana niletewe namba kwa posta. Nilipokwenda ofisini wakaniambia saini ya muuzaji haijathibitishwa. Nifanye nini? Na je, inafaa hata kuhangaika nayo?»

Ndugu yangu, swali lako lina mambo matatu yaliyofungwa kwenye fundo moja: karatasi, mashine, na kama jasho lote hili lina faida. Habari njema ni kwamba uko katika jimbo linaloruhusu pikipiki ya porini kuhamishiwa barabarani. Habari isiyopendeza ni kwamba rafiki zako wote wawili wamekuelekeza pasipo. Usinunue hata balbu moja kabla hati haijasomeka kwa jina lako.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki au Kongo tumezoea kuona pikipiki ya njia mbovu ikiwa na taa, indiketa na honi tangu kiwandani, kama zile Honda na Yamaha za mashirika na za maafisa wa kilimo. Pikipiki ni pikipiki: lipa ushuru, chukua namba. Marekani wanazigawa mapema zaidi. Pikipiki ya barabarani hutoka kiwandani ikiwa na kibandiko kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani, ambapo mtengenezaji anathibitisha kwamba imekidhi viwango vya usalama vya serikali kuu, pamoja na kibandiko kingine cha moshi kinachofuata masharti ya EPA, shirika la kulinda mazingira. Pikipiki ya porini haina uthibitisho huo wa barabarani, na cheti chake cha kwanza cha kiwandani husema wazi kwamba ni ya matumizi ya nje ya barabara.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo linalowachanganya watu. Sheria zile za serikali kuu zinambana anayetengeneza na anayeuza chombo kipya. Nani apewe namba ya barabarani ni uamuzi wa kila jimbo. Ndiyo maana California hukataa kuisajili kwa barabara pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya porini tu, na Arizona huikubali ikishawekewa vifaa vinavyotakiwa. Pikipiki ni ile ile, mpaka wa jimbo ndio unaobadilisha jibu. Kwa hiyo hata ukifanikiwa, DR-Z400E yako haitageuka kuwa ya barabarani tangu kuzaliwa. Siku ukihamia jimbo jingine, huko wana haki ya kukuambia hapana. Kama una mpango wa kuhama mwaka huu au ujao, uliza kule unakokwenda kabla ya kutoa pesa hapa.

Seti ya taa haimalizi kazi kwa sababu polisi anayekusimamisha anaangalia namba, usajili na bima kabla ya honi. Ile namba ya RV uliyo nayo inasema kinyume cha unachotaka: kwamba chombo hiki kimesajiliwa kwa njia za nje ya barabara. Ukiingia nayo barabara ya lami kwenda kazini, ni sawa na kutokuwa na namba, hata kama umefunga taa nzuri kuliko za gari.

Njia ya Montana ni mbaya zaidi, kwa sababu inaonekana nadhifu. Unaunda kampuni ya karatasi kule, kampuni inamiliki pikipiki, namba inakuja kwa posta. Lakini wewe ni mkazi wa Arizona na pikipiki inalala Arizona, na sheria ya hapa inataka chombo cha mkazi kisajiliwe hapa. Tatizo lenyewe litaonekana siku ya ajali. Kampuni ya bima itauliza pikipiki ililazwa wapi na nani alikuwa anaiendesha kila siku, na majibu yako hayatalingana na mkataba. Zamani watu walitumia pia Vermont, iliyokuwa ikisajili hata vyombo vya wakazi wa majimbo mengine kwa posta. Mlango huo ulifungwa mwaka 2023. Na katika hali yako sioni sababu ya kuzunguka huko, maana jimbo lako lenyewe linakupa njia halali.

Tuje kwenye hati, ambako ndiko umekwama. Arizona inataka saini ya muuzaji nyuma ya hati ya umiliki ishuhudiwe, ama na mthibitishaji wa umma, yaani notari, ama na afisa wa idara ya magari, MVD. Karatasi ya mauziano inasaidia kuonyesha bei na tarehe, ila haihamishi umiliki. Usijaribu kutafuta muhuri mwenyewe bila muuzaji kuwepo: notari anathibitisha mtu aliyesimama mbele yake na kitambulisho mkononi, hathibitishi wino. Na usifute, usikwangue, usipake rangi nyeupe popote kwenye hati hiyo. Hati iliyochezewa hukataliwa, hata kama ulikuwa unasahihisha herufi moja ya jina lako.

Mpigie muuzaji leo. Kuwa kwake Texas si kikwazo, kwa sababu notari wa Texas anaweza kuthibitisha saini ya hati ya Arizona. Mtumie hati kwa posta yenye namba ya ufuatiliaji, pamoja na bahasha ya kurudishia uliyokwisha kuilipia. Piga picha pande zote mbili kabla ya kuifunga. Mwambie aende nayo kwa notari akiwa na kitambulisho. Ataikiri saini yake mbele ya notari, na notari atajaza sehemu yake. Mrahisishie kazi na umlipie gharama, maana mtu aliyekwisha kuuza hana haraka yoyote. Kama hati iliyo mkononi mwako imeharibika, muuzaji ndiye anayepaswa kuomba nakala mpya, kwa sababu kwenye kumbukumbu za MVD pikipiki bado ni yake.

Kabla ya kuituma, kagua vitu vitatu. Kwanza, jina la mmiliki kwenye hati ni la huyo aliyekuuzia? Ikiwa ni la mtu wa tatu, ina maana muuzaji wako aliinunua bila kuihamisha, na saini unayohitaji ni ya yule wa mwanzo. Pili, kuna mkopeshaji aliyeandikwa kuwa anaidai pikipiki? Kama yupo, utahitaji barua yake ya kuiachilia. Tatu, namba ya fremu, ile VIN ya tarakimu na herufi 17 iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, inalingana na ya kwenye hati, herufi kwa herufi? Safisha matope na grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, usisugue kwa brashi ya chuma wala msasa, kwa sababu alama za msasa juu ya VIN humfanya mkaguzi afikirie wizi. Namba ukishaipata, iingize kwenye ukurasa wa mtandaoni wa NICB, shirika la kampuni za bima linalopambana na wizi wa magari, wa kuangalia vyombo vilivyoibwa, ni bure.

Muda pia unahesabika. Arizona inampa mnunuzi siku 15 kuomba hati kwa jina lake. Baada ya hapo kuna faini ya dola 8, na dola 4 kwa kila mwezi unaoongezeka, mwisho dola 100. Wewe umeshapita siku hizo, lakini kiasi ni kidogo, usikubali kikusukume kufanya mambo kwa pupa.

Muuzaji asipopatikana kabisa, ipo njia ya hati yenye dhamana. Pikipiki hukaguliwa, hukadiriwa thamani, na wewe hununua dhamana ya mara 1.5 ya thamani hiyo kutoka kampuni ya dhamana. Hulipi kiasi chote. Unalipa ada ambayo ni sehemu ndogo ya kiasi hicho. Dhamana hiyo inamlinda mtu atakayejitokeza na kuthibitisha kwamba pikipiki ni yake. Ni njia halali, lakini ina gharama na inachukua muda, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Hati ikiwa njiani, ulizia bima. Fanya hivi kabla ya kununua vifaa, kwa sababu hapa ndipo watu hugundua wamechelewa. Kompyuta ya kampuni ya bima husoma VIN yako na kuona «pikipiki ya porini». Baadhi watakukatia bima ya porini tu, ambayo haikulindi barabarani. Mwambie wakala ukweli mzima: ni pikipiki ya porini, imebadilishwa, itakuwa na namba ya barabarani ya Arizona, utakwenda nayo kazini. Muulize kama mkataba unafika kiwango cha chini cha jimbo, ambacho tangu Julai 2020 ni dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa ajali yenye majeruhi zaidi ya mmoja, na 15,000 kwa mali ya mwingine. Omba jibu kwa maandishi. Mmoja akikataa, jaribu mwingine, hazifanani.

Leseni nayo: leseni yako ya gari haitoshi. Unahitaji daraja M, la pikipiki, kwa mtihani wa maandishi na wa vitendo, au kwa kozi ya usalama wa pikipiki inayotambuliwa na MVD, ambayo hukuondolea mtihani wa vitendo. Hata kama umeendesha bodaboda miaka kumi, ningekushauri uchukue kozi. Kuendesha katikati ya magari makubwa yanayokwenda kilomita 70 kwa saa ndani ya mji kunataka mazoea mengine.

Sasa mashine. Arizona inataka taa ya mbele, taa ya nyuma, taa ya breki, taa nyeupe inayomulika namba, kiakisi chekundu nyuma, honi, angalau kioo kimoja cha pembeni, breki zinazofanya kazi, na sailensa. Honi isikike umbali wa futi 200, yaani mita 60 hivi. Taa ya namba iifanye isomeke kutoka futi 50, kama mita 15. Kiti na vikanyagio vya abiria ni vya anayebeba abiria. DR-Z400E haikutengenezwa kubeba mtu wa pili, kwa hiyo usimbebe. Sheria ya Arizona haiilazimishi pikipiki kuwa na indiketa, ishara za mkono zinakubalika, lakini weka. Jioni, dereva aliyechoka haoni mkono wako.

Una bahati moja kubwa: pikipiki yako ina ndugu wa barabarani, DR-Z400S, injini ile ile ya 398 cc. Vifaa vingi vya S, vya kiwandani au vilivyotumika, huingia kwenye E kwa marekebisho madogo: kishikio cha namba, swichi za kushoto kwenye usukani, taa za nyuma. Angeuliza mtu mwenye pikipiki halisi ya mashindano ya motokrosi ningemjibu vingine. Nyingi ya hizo hazina koili ya kuendeshea taa wala betri, oili yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa, na kuilazimisha kuwa usafiri wa kila siku ni kuitesa mashine na mfuko.

Taa ya mbele iliyopo iangalie kwenye kioo chake. Ikiwa haina alama ya DOT au SAE, zinazoonyesha kwamba imekidhi viwango vya barabara vya Marekani, ibadilishe kwa yenye alama hizo na yenye mwanga wa juu na wa chini. Usiweke zile taa ndefu za LED za magari ya jangwani. Zinamwaga mwanga kila upande na kumpofusha anayekuja mbele yako.

Taa ya breki ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu E haikuja na swichi za breki. Ya mbele, rahisi zaidi ni kubadilisha ile boliti yenye tundu inayoshika mpira wa mafuta ya breki kwa nyingine yenye swichi ya presha ndani. Kwenye breki za Kijapani uzi wake kwa kawaida ni M10×1.25, ukinunua M10×1.0, inayotumika kwenye baadhi ya pikipiki za Ulaya, itaingia mizunguko miwili kisha itaharibu aluminiamu. Weka pete bapa (washa) mpya za shaba pande zote mbili, jaza mafuta ya breki ya DOT 4, toa hewa mpaka leva iwe ngumu. Ya nyuma unaweza kutumia swichi ya kuvuta kwa springi iliyofungwa kwenye kanyagio. Irekebishe taa iwake kabla breki haijaanza kushika, na izime kabisa ukiachia. Ikibaki inawaka, aliye nyuma yako hatajua unasimama lini.

Kwenye umeme, kanuni ni moja: koili za injini zinatoa kiasi fulani tu, na kila unachowasha kinakata humo. Taa ya mbele ya LED ya wati 25, ya nyuma ya wati 2 na ya breki ya wati 4 ni mzigo mwepesi. Weka balbu za kawaida za wati 55 mbele, 21 za breki na indiketa za wati 10 kila moja, uone betri inavyoishiwa ukiwa kwenye foleni. Honi huvuta ampea 2 hadi 3, ila kwa sekunde chache. Ukitumia indiketa za LED, badilisha na fleshari, kile kifaa kinachozifanya ziwake na kuzima, iwe ya LED. Ile ya zamani huona mzigo mdogo, ikadhani balbu imeungua, na kuwakawaka upesi mno. Pitisha kila kitu kipya kwenye fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, tumia viunganishi visivyopitisha maji, na acha waya zilegee kidogo kwenye shingo ya usukani. Waya nyingi hukatikia pale, kwa sababu usukani unageuka mara maelfu na waya iliyokazwa haina pa kwenda.

Ukimaliza, pima kwa mita kwenye betri. Injini ikizunguka kama mizunguko 5,000 kwa dakika, usome volti kati ya 13.5 na 15. Kisha washa taa zote na ushike breki: ikishuka chini ya 13 kwa mizunguko hiyo hiyo, mzigo umezidi au koili imechoka. Ikizidi 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, haifanyi kazi na itaua betri na taa zako za LED.

Tairi zenye meno makubwa zikiwa na herufi NHS ubavuni, maana yake hazikukusudiwa barabara kuu. Lami ya Tucson wakati wa joto huzila haraka, na kwenye kona meno hujikunja na pikipiki kuyumba. Weka tairi zenye alama ya DOT za matumizi mchanganyiko, inchi 21 mbele na 18 nyuma. Angalia na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo: E huja na meno 14 mbele na 47 nyuma, S ina 15 na 44. Kuweka 15 mbele peke yake kutaishusha mizunguko ya injini ukiwa kwenye mwendo wa barabara. Sailensa, ikiwa ni ya kubadilishwa, isizidi desibeli 96, ambazo ndizo kikomo cha Arizona kwa vyombo vya porini, na iwe na kizuia cheche. Ndani ya Msitu wa Taifa wa Coronado moto wa nyika si jambo la mchezo.

Siku ya ofisini, ipakie pikipiki kwenye pikapu, usiiendeshe. Beba hati iliyothibitishwa, karatasi ya mauziano, kitambulisho, bima, na fomu ya maombi ya hati na usajili iliyojazwa. Sema tangu mwanzo kwamba unabadilisha matumizi kutoka porini kwenda barabarani. Ukisema tu «nahamisha umiliki», utarudi na RV nyingine. Kuwa tayari kwa ukaguzi wa VIN na kwa kutia saini tamko kwamba vifaa vyote vipo. Tamko hilo ni lako, kwa hiyo lisaini vikiwa vimefungwa na vinafanya kazi, visiwe bado kwenye boksi. Tucson haikutaki upeleke pikipiki kupimwa moshi. Zipo pia ofisi binafsi zilizoidhinishwa na MVD. Zinatoza ada ya ziada lakini foleni zake mara nyingi ni fupi. Kiingereza kikikupa shida, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie, asiwe mtu wa kukuahidi namba bila wewe kuonekana.

Na stika ya porini, ya dola 25 kwa mwaka, usiiache kwa sababu umepata namba ya barabarani. Chombo chako kilibuniwa kwa ajili ya porini, na kwenye njia za wikiendi bado kinaihitaji.

Uliuliza kama inafaa. Kwa hesabu yangu ya makadirio, vifaa, tairi na ada vinaweza kufika dola 600 hadi 900 ukifanya kazi mwenyewe, na zaidi ukimlipa fundi. Ikiwa muuzaji anapokea simu na pikipiki ni nzima, fanya. Utapata mashine nyepesi inayopanda mlima wowote. Lakini ikiwa hati itahitaji dhamana, au kazini kunakufanya upite barabara ya kasi kila siku, ningeiuza kama pikipiki ya porini baada ya kunyoosha hati, nikaongeza pesa na kununua DR-Z400S iliyozaliwa na namba. Kilomita 36 kwa siku kwa kwenda na kurudi ni nyingi kwa kiti chembamba kile, na siku ya kuuza ile ya barabarani mnunuzi hatakuwa na maswali.

Kuna mambo matatu ambayo maandishi haya hayatoshi, umwone mtu ana kwa ana. Ukikuta VIN imekwanguliwa au hailingani na hati, usiipeleke kwa fundi wala usiiuze; nenda polisi na karatasi zako zote, na kabla ya hapo zungumza na wakili au kituo cha msaada wa kisheria, hasa kama uhamiaji wako bado unashughulikiwa. Ukikuta ufa kwenye fremu karibu na shingo au kwenye vishikio vya vikanyagio, mpelekee mchomeleaji anayejua fremu za pikipiki. Na leva ya breki ikibaki laini baada ya kutoa hewa mara mbili, acha, mwite fundi, hata kama miadi yako ya MVD ni kesho asubuhi.